Namba Sita za Mama Béni

Wifi yangu Éliane, Mama Béni, hajawahi kuchelewa mahali. Nasema hivi kwa uchungu, maana mimi ni dada wa mume wake na nimechelewa karibu kila mahali, na kila mara nimemkuta ameshakaa, amekunja mikono, ananisubiri kwa ile sura yake ya mwalimu wa darasa la kwanza. Watoto wa mtaa wetu hapa Kamina wanajua: Mama Béni akipita na mkoba wake na wewe bado unanawa uso, umekwisha.

Kwa hiyo siku ile ya likizo nilipoingia kwake asubuhi, nikamkuta ameketi jikoni na kitambaa cha kulalia bado kichwani, simu mkononi, midomo mikavu, niliogopa. Nilidhani kuna msiba.

"Ma Kabedi, funga mulango," akaniambia. "Baba Béni asisikiye hii maneno."

Akanieleza kwa sauti ya chini. Alikuwa ameomba nafasi ya kusoma Kinshasa, mwaka mmoja, mafunzo ya wakurugenzi wa shule za msingi. Aliomba kimya kimya, bila kumwambia mume wake, kaka yangu Abner, wala mtu yeyote. Na wamemchukua! Vijana aliowafundisha namna ya kushika chaki wamepewa ofisi mmoja baada ya mwingine, naye amebaki na darasa lake lilelile. Safari hii ilikuwa zamu yake. Kilibaki kitu kimoja tu: aingie kwenye ukurasa wa chuo na kuthibitisha kwamba anakuja, siku hiyohiyo, kabla ya saa sita za mchana. Asipothibitisha, nafasi anapewa mwingine.

Na ukurasa ulikuwa unakataa kufunguka. Neno la siri peke yake halikutosha tena. Chuo sasa kilitaka uweke kwenye simu programu ndogo inayotoa namba sita, kisha uziandike pale ndipo uingie. Na namba zenyewe hazikai. Nusu dakika tu, zinakufa, zinakuja nyingine.

Programu alikuwa ameiweka. Ule ufunguo mrefu wa herufi aliunakili mwenyewe na kuukagua herufi kwa herufi, kama anavyosahihisha imla. Namba zikaja. Akaziandika, zikakataliwa.

"Pengine unakawiya," nikamwambia. Basi yeye akawa anasoma, mimi naandika. Zikakataliwa. Tukabadilishana. Réseau, yaani mtandao, ilikuwa inakuja na kuondoka, kile kiduara kinazunguka na mega za intaneti zinakwisha. Mara yakatokea maandishi mekundu kwa Kifaransa: tumebakiza mara mbili tu, kisha akaunti itafungwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, walisema tuangalie saa ya simu, maana namba zinatengenezwa kwa kufuata saa hiyo.

"Banasema uangalie saa ya telefone," nikasema.

Ungedhani nimemtukania mama yake.

"Saa yangu? Saa yangu haiyakosa hata siku moya! Inaenda pamoja na kengele ya kanisa."

Hapo hakusema uongo. Sisi wa huku tuko mbele ya Kinshasa kwa saa nzima, na simu yake, tangu ilipotoka kwenye boksi, ilikuwa inajipangia saa ya Kinshasa yenyewe. Jambo hilo lilimuudhi mno. Alizima ule mpango wa kujipanga, akaisukuma saa mbele kwa mkono wake. "Ba Kinshasa balale," alisema siku hiyo, "shiye tuko kwa kazi." Na mimi, kwa kumwogopa, sikuitaja saa tena.

Akajaribu tena. Ikakataa. Imebaki mara moja.

Baada ya hapo hatukuthubutu kuigusa. Simu ililala mezani, sisi tunaitazama. Éliane alisimama, akakaa, akasimama tena, akaenda mlangoni akarudi bila kufanya kitu. Tulikuwa hivyohivyo kengele ya saa sita ilipolia. Akavua kile kitambaa kichwani akajifunika nacho uso.

Abner akaingia kutoka ofisi ya kanisa, anakofanya kazi ya ukarani, anataka chakula. Éliane akamwambia yote, amesimama, hakuficha kitu.

Kaka yangu alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea akasirike. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Uso wake ulilegea, akavuta kiti.

"Basi Mungu amejibu," akasema. "Weye ungeenda Kinshasa, minyi ningebakia na nani? Mama Béni, leta bukari tukule."

Éliane akageukia sufuria ya ugali. Nilimwona anashika mwiko ampakulie, nikashikwa na hasira hadi masikio yakawa moto. Kwa hasira ile nikachukua simu. Sasa ingeharibika nini tena? Nikaingia kwenye mipangilio, nikawasha ule mpango wa kujipanga yenyewe. Saa ikaruka nyuma. Saa tano na dakika chache.

Nikaitazama. Saa tano ya Kinshasa. Na chuo kiko wapi?

"Mama Béni," nikasema, "bale bantu ba masomo banafunga saa sita ya wapi?"

Aliniangalia kama nimeota pembe. Halafu akauacha mwiko, akajifuta mikono, akaja. Hakuzichukua namba za kwanza alizozikuta. Alingoja zife, zije mpya, ili apate muda wake wote, kisha akaziandika moja moja. Mimi nilitazama ukuta. Niliposikia amevuta pumzi nikageuka. Ukurasa ulikuwa umefunguka: jina lake, na chini yake mahali pa kuthibitisha.

Kaka yangu alikuwa amesimama. "Mama Béni, saa sita imepita."

"Hapa kwetu imepita," Éliane akasema, akabonyeza.

Tulingoja mpaka ukurasa ukajibu kwamba wanamsubiri. Akaiweka simu mezani taratibu, akamtazama mume wake usoni.

"Baba Béni, ile maneno ulisema, ya Mungu amejibu. Sema tena."

Kaka yangu akaketi tena, akaigeuza ile simu mezani asome mwenyewe. Tumezaliwa tumbo moja, nilimwonea huruma, lakini nilivuta kiti nikasubiri jibu pamoja na mke wake.