Vidonge vya Ugonjwa wa Watu Wengine

Nilianza kuwashuku wanawake wenzangu kwenye msiba mmoja hapa Rugera, tukimenya ndizi. Nilikuwa nimeshavuta mkungu wangu, kisu mkononi, nimekaa. Mwanamke mmoja tunayeimba naye kwaya akanitazama mikono, halafu akatoa sauti tamu kama uji wa mgonjwa: dada, pumzika, leo umechoka. Nimechokea wapi? Nilikuwa nimetoka nyumbani muda huohuo. Msiba uliofuata wakanituma kuchota maji. Harusi iliyofuata wakanipa kazi ya kupanga viti. Mimi, ninayemaliza mkungu mzima wenzangu wakiwa nusu, napanga viti na vijana.

Kisa ni ngozi yangu. Vinundu vigumu vinavyowasha, mikononi, miguuni, hadi migongo ya viganja. Nikikuna vinatoka damu, vikikauka vinaacha doa jeusi, na pembeni ya doa kinaota kingine. Mwaka wa saba huo. Nilipaka mafuta ya kila aina, nikachomwa sindano, nikanywa majani machungu ambayo hata mbuzi hawali. Wanachonong'ona watu nakijua. Nilishapima UKIMWI mara tatu na sina, lakini hata ningetembea na karatasi ya majibu shingoni wangesema nimeighushi.

Hayo yote ningeyameza. Ila binti wa kaka yangu akachumbiwa na kijana wa Kyerwa. Katika ukoo wetu, asubuhi ya kumtoa binti, shangazi mkubwa ndiye anayempaka mafuta mikono na miguu mbele ya akina mama, kisha ndipo anavalishwa. Shangazi mkubwa ni mimi. Huyo mtoto nilimbeba mgongoni mama yake alipougua baada ya kujifungua, na nilikuwa nimeisubiri asubuhi hiyo tangu anatambaa. Tatizo, nina mdogo wangu wa kike aliyeolewa Bukoba, ana ngozi laini kama mtoto wa juzi. Na wifi yangu, mama wa binti, siku hizo alikuwa haishi kuzungumza naye kwenye simu. Nikiingia, anashusha sauti. Nikajua wanapanga kuniweka kwenye viti tena.

Harusi ikiwa imebaki miezi minne nikapanda bodaboda kwenda hospitali. Nikampata daktari msichana, angeweza kuwa mwanangu, akaniamkia vizuri. Akaniambia nifumbe macho, akachukua pamba, akawa ananigusa nayo juu ya madoa, nami niseme kila nikisikia. Moyo ukanilipuka. Nilipokuwa darasa la pili walikuja watu wa afya shuleni na pamba kama hiyo, wakatufumbisha macho mmoja mmoja, na tuliambiwa wazi wanachotafuta. Walikuwa wanatafuta ukoma.

Nilisikia kila mguso. Akaniambia sina ukoma, ni ngozi ileile inayowasha, isipokuwa imezikataa dawa zake za kawaida. Akasema zimebaki mbili za kujaribu. Ya kwanza ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye sonona, lakini inapunguza mwasho. Ya pili ilitengenezwa kwa ajili ya ukoma, lakini madaktari wa ngozi wamewapa watu wenye vinundu kama vyangu, na wengine wamepata nafuu. Wengine hawakupata. Hakuniahidi kitu, na hilo nalo nikalishuku, maana mwenye dawa ya kweli huisifia.

"Hiyo karatasi ya ndani ya boksi," nikamuuliza, "imeandikwa ni ya vinundu?"

"Haijaandikwa, mama."

"Kwa hiyo unanipa dawa ya ukoma kwa sababu sina ukoma."

"Ndiyo," akasema, na hakucheka. Akaeleza kwamba ningekuwa nao angeniambia, na kwamba ukoma hautibiwi kwa kidonge hicho kimoja peke yake. Kingine, ile ya pili siwezi kuinywa bila kupimwa damu kwanza, na nitarudi kupimwa tena na tena, kwa sababu inaweza kuila damu. Nikaitikia kwa heshima, huku moyoni nasema huyu ananizunguka. Ama ananificha ugonjwa wangu, ama wameamua kujaribia watu wa vijijini.

Njia nzima nikawa nazipima hizo dawa mbili kichwani. Wala sikuwa nawaza ipi itaniponya. Nilikuwa nawaza ipi nikikutwa nayo nitaaibika kidogo. Huku kwetu hakuna anayesoma cheti chako. Wanaangalia unachomeza, wanajua unaumwa nini, na jioni majirani wamepata habari. Basi nichague mwenyewe, niitwe kichaa au niitwe mkoma.

Nikachagua kichaa. Ile dawa ilipunguza mwasho kweli, siwezi kusema uongo, lakini ilinikausha mdomo na kunitia usingizi wa ajabu. Napalilia kahawa, nashtuka nimekaa chini na jembe mapajani. Jumapili moja nikakoroma katikati ya mahubiri mpaka wifi akanifinya. Nikarudi kwa daktari. Akanisimamishia hiyo, akanipima damu, majibu yalipotoka vizuri akaniandikia ile ya pili.

Duka la dawa la Kayanga nililokwenda, muuzaji alisoma cheti, akanitazama mikono, akasoma tena. Akauliza kama ni za kwangu. Nikasema ni za jirani. Kwa nini nilimjibu hivyo sijui, maana alikuwa ananisikiliza huku ananiona najikuna.

Nyumbani nikavificha vidonge kwenye kopo la zamani la majani ya chai, lile lisilotumika, nikaliweka nyuma ya lenye chai. Kila asubuhi nalifungua, naviangalia vile vidonge vyeupe, nalifunga. Wiki mbili zikapita hivyo. Harusi inakaribia, vinundu vinanenepa, dawa iko kwenye kopo na mimi naiogopa kama nyoka.

Jumamosi moja wifi akaja. Nilikuwa nyuma nakata majani ya mgomba, nikamwona anavuka shamba na kanga yake ya kanisani, nikasema moyoni, haya, limefika. Tulipomaliza salamu akasema amekuja tuongee habari ya kumpaka binti mafuta. Nikamwambia aingie kwanza, ninawe mikono. Akasema basi yeye atachemsha chai, kwangu anajua kila kitu kilipo.

Nilipoingia maziwa yalikuwa yanachemka na hakuna aliyeyaangalia. Wifi alikuwa amesimama na lile kopo la zamani wazi, pakiti ya vidonge kiganjani. Nikaanza kueleza haraka haraka, kwamba ni vya ngozi tu, kwamba daktari mwenyewe alisema, kwamba akitaka naweza kumpeleka akamsikie. Alikuwa hanisikilizi.

"Hivi navijua," akasema. "Nilikuwa nampa mama yangu kila asubuhi."

Miaka zaidi ya ishirini na tano ameolewa kwetu, sikuwahi kulisikia hilo. Akaniambia taratibu, huku anazima moto. Mama yake alikuwa na ukoma. Alikuwa na sahani yake na kikombe chake, na kijumba chake nyuma ya nyumba kubwa, hata baada ya wahudumu kusema amepona. Siku ya harusi ya wifi, shangazi zake walimpaka mafuta uani, na mama yake akatazama kutoka kwenye migomba. Waliokuja kumchukua bibi harusi waliambiwa mama yake ameshafariki. Hao waliokuja kumchukua tulikuwa sisi.

"Mama yangu hakuruhusiwa kunigusa," akasema. "Mdogo wako nimeshamwambia kwenye simu asijisumbue. Mwanangu utampaka wewe, hata kwa mikono hiyo."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Miezi yote hiyo namhesabia dhambi mtu aliyekuwa ananipigania.

Akamimina chai, akanipa kikombe kwa mikono miwili kama tunavyopeana. Nikanyoosha mkono. Nikaviona vidole vyake, vizima, vilevile vilivyonipikia miaka yote hiyo, na mkono wangu ukarudi nyuma. Haukurudi mbali, ila ulirudi, na sikuutuma mimi.

Aliona. Hakubadilika uso. Akakiweka kikombe mezani, akasema, "Ipoe kwanza, wifi. Ni ya moto."

Nikaitambua ile sauti. Ndiyo ileile niliyopewa kwenye msiba, nikiambiwa nimechoka. Nikachukua kidonge mbele yake, nikakimeza kwa chai hiyo, na iliniunguza kidogo tu. Wifi alikuwa ananitazama koo, kuhakikisha kimepita.

Asubuhi ya harusi nilimpaka binti mafuta mbele ya akina mama wote. Vinundu vilikuwa vimenywea, si vyote. Nikamwita wifi kutoka mlangoni alikojibanza, nikamshikisha bakuli la mafuta, akasimama karibu yangu mpaka nikamaliza kidole cha mwisho. Sasa kwenye misiba nimerudishiwa kisu, wala hakuna anayeniambia nipumzike. Damu bado napimwa. Daktari bado namuuliza maswali yaleyale, na yeye ananijibu majibu yaleyale.

Ila wifi akija kwangu akachemsha chai, hanipi tena kikombe mkononi. Anakiweka mezani, anasema ipoe kwanza, halafu anatafuta habari nyingine ya kuongea. Mwaka wa pili huu. Kila mara najiambia leo nitanyoosha mkono kabla hajakifikisha mezani, na kila mara nachelewa.