Mama Vitanda na mashine inayoomba giza

Saa tatu asubuhi, kwenye korido ya hospitali moja binafsi, mwanamke wa makamo anaingiza mkono mkobani na kugusa kitu kwa kiganja, kama mama anayepima homa ya mtoto. Ni projekta ndogo, isiyozidi kopo la maziwa ya unga.

"Bado ya baridi," ananong'ona. "Afadhali."

Mwanamke huyu huuza vitanda vya wagonjwa kwa kuwafuata wateja walipo. Wenzake humwita Mama Vitanda. Kwa miaka sita alibeba vitabu vya picha, maana kitanda hakiingii mkobani. Sasa meneja wake amempa projekta hii aijaribu kwa wiki moja na kuandika ripoti. Ikifaa, kila muuzaji atapata yake. Isipofaa, kampuni itaacha kutuma watu na itauza kwa simu.

"Aliniambia, 'Dada, ikizimika mbele ya wateja, na sisi tumezimika,'" anasimulia. "Tangu hapo usingizi umenihama. Nina watoto wawili, na simu inahitaji mtu mmoja tu wa kuishika."

Aliijaribu kwanza nyumbani, katika stoo isiyo na dirisha. Dada yake alishika shuka jeupe na picha ikatokea safi. "Kitanda kizuri," dada akamtania. "Sasa nipe na mto."

Mlango unafunguliwa. Ndani wameketi muuguzi mkuu, mhasibu na wauguzi kadhaa. Madirisha ni mapana, na jua limejaa chumba kizima. Mama Vitanda anatundika shuka, anaweka mashine mezani, anabonyeza. Feni yake inavuma kama nzi aliyenaswa kwenye chupa.

"Mama, shuka naliona," anasema mhasibu. "Kitanda kiko wapi?"

Watu wanacheka. Mama Vitanda anazungusha lenzi. Haisaidii. Ndipo anapolitambua kosa lake: kule stoo mashine ilikuwa imechomekwa kwenye umeme. Hapa inatumia betri, na ikiwa kwenye betri hupunguza nuru. Soketi iko ukuta wa pili. Waya haufiki.

"Naomba tufunge mapazia," anasema.

Hakuna anayenyanyuka. Kisha muuguzi mkuu anasimama mwenyewe.

"Jamani, mnashangaa nini? Tangu lini mwanga akafanya kazi mchana? Mpeni giza lake!"

Neno hilo moja, mwanga, lenye nuru na uchawi ndani yake, linawavunja mbavu wote. Mapazia yanavutwa. Kitanda kinajitokeza juu ya shuka, hadi skrubu za magurudumu.

Karatasi ya mashine inasema betri hudumu saa mbili. Kabla ya nusu saa, alama nyekundu inaanza kupepesa. Mama Vitanda anaruka picha, anaharakisha maneno. Mhasibu anauliza kama kitanda kinainuka umeme ukikatika. Kabla hajajibiwa, shuka linakuwa jeusi.

"Mwanga kaenda zake," anasema mhasibu.

"Kinainuka, baba," anajibu Mama Vitanda gizani. "Kina mpini wa mkono, chini, upande wa miguu."

"Leteni kimoja tukione," anasema muuguzi mkuu. Haahidi zaidi ya hapo.

Nje, Mama Vitanda anaketi kwenye ngazi. Ripoti inatakiwa kesho.

"Nikiificha kasoro, mwenzangu ataumbuka mbele ya watu. Nikiisema, huenda najichimbia kaburi," anasema. "Meneja hapendi visingizio."

Hata hivyo, amekwisha kuamua. Atanunua waya mrefu na kitambaa kizito cheusi, na Jumatatu atakwenda navyo kwa mteja mwingine, kama bado atakuwa kazini.

"Nitaandika kwamba inafaa chumba kidogo, karibu na umeme. Mwisho nitaongeza: msiirudishe dukani. Ni mwanga tu, ipeni giza lake."

Anacheka, lakini kiganja chake kimerudi mkobani.

"Bado ya moto," anasema.