Oddlaug Brattli na Kipaza Sauti

Mashindano ya watoto ya kuteleza thelujini kwa skii pale bondeni, Norwei, yalikuwa na mtangazaji mmoja tu, Oddlaug Brattli. Mtoto alihesabiwa ameshuka mlima pale jina lake lilipotoka kwenye spika, jina refu la shamba la ukoo, Oddlaug akilitamka kwa pumzi moja: mkazo mwanzoni, sauti ikishuka na kupanda, silabi za nyuma zikifuata kwa wepesi.

Kisha akapata kiharusi. Mkono ulirudi, mguu ulirudi. Maneno nayo yalirudi, ila yamepasuka. Brunost, jibini ya kahawia aliyoila tangu utotoni, sasa neno lake lilimtoka vipande viwili, brun, halafu ost, kila kimoja na mkazo wake, kama mgeni anayejifunza lugha. Mwalimu wa matamshi alimgongea meza, pigo zito, pigo jepesi. Masikio yalishika vizuri kabisa. Mdomo ndio uliokataa.

Muuzaji wa duka, aliyesoma naye, akaanza kumjibu polepole, kwa Kinorwei cha vitabuni, kile watu wa bondeni wanachowasemesha wageni. Hakuwa na ubaya. Wala hakujua kwamba anafanya hivyo.

Oddlaug alitaka kitu kimoja, kukishika tena kipaza sauti. Akamfuata Halvard, mwenyekiti wa klabu.

"Jumapili natangaza mimi."

Halvard akakoroga kahawa isiyo na sukari. "Si tulikubaliana upumzike, dada?"

"Mlikubaliana na nani?"

"Watoto hawatajua kama ni wao wanaoitwa, Oddlaug." Akaongeza haraka kwamba kibanda cha vafler, keki bapa za kuchomwa kwenye chuma, kinahitaji mtu, na hakuna anayezichoma keki zile kama yeye.

Nyumbani alimmwagia mumewe, Ingvald, hasira zote, maneno yakikatikakatika. Ingvald alisikiliza mpaka mwisho. Akamshika mkono.

"Usihuzunike," alisema, taratibu, kila neno peke yake, kwa lugha ya vitabuni. "Mimi. Ninakuelewa."

Tangu ujana wao alikuwa hajawahi kumsemesha hivyo.

"Kumbe na wewe," Oddlaug alisema.

"Na mimi nini?" aliuliza Ingvald, taratibu vilevile.

Jumapili Oddlaug alisimama kibandani, akimimina rojo la unga kwenye chuma cha moto, huku sauti ya Halvard ikiita watoto mlimani. Waliomsalimu aliwaitikia kwa kichwa. Waliouliza bei aliwaonyesha kwa vidole.