Kamba ya Kidevuni mwa Shaba

Aliyemwangusha farasi wetu Shaba ni Bwana Sanga, meneja wa shamba la farasi lililokuwa upande wa chini wa Ipogolo, Iringa. Hakuwa mjomba wangu Festo, mfunzi wa farasi wa shamba lile, wala sikuwa mimi niliyekuwa mgongoni mwake. Naliweka jambo hili mwanzoni kabisa kwa sababu katika miaka yangu ya utumishi wa umma hapa Mbeya nilijifunza kwamba jina la mhusika likicheleweshwa hadi ukurasa wa mwisho, hupotelea njiani.

Kila nikiyakumbuka majira yale ya kipupwe, harufu hutangulia: jasho la farasi, ngozi ya tandiko iliyopakwa mafuta ya nyonyo, na vumbi lililolowa umande wa alfajiri. Shaba alikuwa farasi jike mwekundu, mpole, lakini alikimbia kama mtu anayeteremka mlima, uzito wote ukiwa mbele. Mjomba alinichagua nimpande kwa kuwa nilikuwa msichana mwepesi na sikuwa na papara. Mwendo tuliomfundisha haukuwa shoti, yaani mbio kamili; ni ule ulio chini yake, ambao kwato hugonga ardhi mara tatu, kisha farasi huelea kidogo hewani kabla ya kugonga tena. Siku ya kwanza mjomba hakunipandisha kabisa. Alinipeleka uani, ambako mama na wadogo zake wawili walikuwa wakitwanga mahindi katika kinu kimoja: tu, tu, tu, kisha wote watatu wakivuta pumzi pamoja, michi ikiwa juu. “Umesikia?” aliniuliza. “Basi ndio huo. Ukiuharakisha, mchi mmoja utagonga mwingine.” Mama akadakia bila kuinua uso, “Festo, mlete huyo farasi atwange mwenyewe, sisi tupumzike!”

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kumfanya ajikusanye, yaani aingize miguu ya nyuma chini ya tumbo, abebe uzito huko, na sehemu ya mbele iwe nyepesi. Nilidhani siri iko kwenye hatamu, nikawa nazivuta. Mjomba alinisimamisha. “Ukibeba ndoo ya maji kichwani, nani anakushika shingo?” Nikamjibu hakuna. “Shingo inatulia yenyewe kwa sababu kiuno na miguu vimeukubali mzigo. Mwache naye aukubali.” Tuliendelea hivyo, asubuhi baada ya asubuhi, kwa miduara mipana, kisha midogo, tukipunguza mwendo bila kuua mdundo. Asubuhi moja nilihisi mgongo wa Shaba ukiinuka chini yangu kama unga unavyoumuka. Alizunguka kona polepole, kwa mdundo ule ule wa kinu, na hatamu zikawa laini mikononi mwangu. Mjomba alivua kofia.

Ndipo Bwana Sanga alipokuja na habari kwamba Shaba angeonyeshwa Mbeya, kwenye maonyesho ya kilimo, mbele ya mgeni rasmi. Alimtazama akizunguka, akakunja uso. “Mbona kichwa kiko juu namna hiyo? Atamkodolea mheshimiwa macho kama askari wa getini.”

“Mkuu, atakishusha mwenyewe akipata nguvu za nyuma,” mjomba alijibu. “Tumpe hadi mwakani.”

“Kwetu hata mtoto anamwinamia mkubwa. Farasi ni nani?”

Kwa mkono wake mwenyewe alifunga kamba kutoka kwenye lijamu, kile chuma cha mdomoni, ikapita kati ya miguu ya mbele hadi mkanda wa tumboni, akaikaza mpaka kidevu cha Shaba kikagusa kifua. Akarudi nyuma na kutabasamu. “Sasa huyo ana adabu.” Mjomba aliomba ifunguliwe, pale shambani na tena uwanjani Mbeya. Aliambiwa akitaka kazi anyamaze.

Tulipofika kwenye kona iliyo mbele ya jukwaa, Shaba alijikwaa kidogo tu. Farasi aliye huru angeinua kichwa, akajirekebisha, na hakuna ambaye angegundua. Kamba ilimkatalia. Alianguka kwa magoti, nami nikarushwa kupita shingoni. Kovu lililo kwenye unyusi wangu ni la siku hiyo. Nilipoinuka, mjomba alikuwa akiikata kamba kwa kisu, na Bwana Sanga alikuwa jukwaani akisema kwa sauti, “Uzembe wa mfunzi, mheshimiwa.” Goti la Shaba halikukunjika sawasawa tena. Mjomba alifukuzwa kazi na nyumba, akarudi kulima viazi milimani hadi alipofariki. Tangu siku ile, kila wanawake walipoanza kutwanga, aliondoka uani asiusikie mdundo ule.

Hivi karibuni nilipita shambani hapo. Sasa ni shule ya kupanda farasi. Langoni pana kibao kinachomwita Bwana Sanga baba wa mafunzo hayo, na mwelekezi huwasimulia wageni jinsi mfunzi mzembe alivyomwangusha farasi bora Mbeya. Nyuma yake, farasi watatu walikuwa wakizunguka, videvu vimefungwa vifuani. Nilimuuliza mwalimu kijana sababu. “Mama, wateja wanapenda shingo iliyopinda. Inatoka vizuri kwenye picha.” Zamani mtu angeweza kujitetea kwamba hakujua. Leo ujuzi wa kumfunza farasi ajikusanye bila kufungwa unapatikana hata kwenye simu iliyokuwa mkononi mwa kijana yule, na bado kamba ni ile ile.

Kwa hiyo nawataka rasmi wamiliki wa shule hiyo wakishushe kibao kile, waache kumsingizia marehemu Festo mbele ya wageni, na wawafungue farasi wale. Iwapo wanaona niliyoyaandika hapa si kweli, wajibu kwa maandishi, na atakayejibu aweke jina lake kamili na cheo chake chini ya majibu hayo, kama mimi nilivyoweka langu chini ya nakala ya madai haya niliyowapelekea.