Chumba Chetu cha Magomeni

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, baba alimpiga mama kila alipotoka kilabuni. Baraza la ndoa lilijaribu kuwapatanisha likashindwa, na shauri likafika mahakama ya mwanzo ya Kilosa. Mimi na mdogo wangu tulikaa benchi la nyuma na bibi.

"Talaka sawa, lakini watoto nabaki nao," baba alisema.

Hakimu akamuuliza, "Huyu mdogo akishikwa na homa, nani humpeleka zahanati?"

Baba aliinama. "Mama yao," akajibu.

Tukakabidhiwa kwa mama, na baba akaruhusiwa kututembelea. Alikuja Jumapili, na miwa begani, nasi tulimfurahia.

Tulipanga chumba kimoja Magomeni, mtaa wa hapo hapo Kilosa mjini, na hadi leo nakitamani kile chumba. Asubuhi ya kwanza mama alikoroga uji huku akiimba wimbo wa kwao wa Kikaguru. Sikuwahi kumsikia akiimba. Mdogo wangu akaangusha bakuli, uji ukatapakaa sakafuni. Sote wawili tukajikunyata, tukisubiri kelele.

Mama alicheka, akamchotea mwingine.