Zamu ya Yusta

Danieli alizikwa Jumatatu. Alhamisi wageni wa chai walikuwa wamepangiwa kupanda mlima, na zamu ya kuwapokea ilikuwa ya mkewe, Yusta.

Kijijini kwao, milimani juu ya Kilosa, utaratibu ulikuwa huo tangu kikundi cha wakulima wa chai kianzishwe. Wageni waliomaliza kutazama wanyama Mikumi waliletwa kwa gari mpaka shuleni, kisha wakatembea kwa miguu hadi nyumbani kwa mwanachama mmoja. Hapo walichuma majani mawili na chipukizi lake, wakayasokota kwa viganja, wakaonyeshwa namna ya kuyakausha kwenye jiko lisilokula kuni nyingi. Mwisho wakanywa chai. Msitu ulio juu ya mashamba haukuguswa. Kila mwanachama aliliapia hilo.

Fausta, katibu wa kikundi, alifika asubuhi na mapema. "Mwenzangu, pumzika. Wageni nitawachukua mimi. Hakuna atakayekulaumu."

"Zamu ni yangu," Yusta akasema, akaendelea kuosha vikombe.

Haukuwa ujasiri. Tangu alipoletewa habari kwamba bodaboda imeteleza kwenye mteremko wa kwenda Kilosa na Danieli hakuinuka tena, kifua chake kilikuwa kimekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Msibani hakulia. Aliwasikia watu wakinong'ona, lakini maneno yao hayakumpata popote.

Wageni walikuwa wanane, wakiongozwa na Ditram, kijana wa pale kijijini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Aliwafundisha kuchuma, akawafundisha kusokota. Mikono iliijua kazi, ikaifanya. Walipoketi kunywa chai, mgeni mmoja, mama wa makamo, akauliza jambo. Ditram akakohoa, akakawia.

"Amesemaje?" Yusta akauliza.

"Anauliza nani alipanda shamba zuri namna hii."

"Mwambie mume wangu."

Ditram akamwambia, akasikiliza jibu, akainamisha kichwa. "Anaomba amwone, ampe mkono."

"Mwambie yuko pale chini." Yusta akaelekeza kidole kwenye udongo mbichi mwisho wa shamba.

Wanaume wakavua kofia. Yule mama akaanza kulia, na Yusta akamtazama kama mtu amtazamavyo mwenzake akila chakula ambacho yeye hana njaa nacho. Akamwongezea chai. Kikombe kikajaa, kikafurika, chai ikatiririka mezani, naye bado anamimina.

Regina, wifi yake, alikuwa amenuna jikoni tangu asubuhi, maana matanga yalikuwa hayajapoa na tayari nyumba imejaa wageni. Sasa akatoka, akampokonya birika kwa upole.

"Kaa chini, wifi. Nitamalizia mimi."

Yusta akakaa.

Wiki iliyofuata Ditram akaleta ujumbe kutoka kwa wakala wa safari kule Mikumi. Wageni walikuwa wameguswa sana. Basi kaburi liingizwe kwenye matembezi, na mjane awe anasimulia. Kikundi kikakutana. Baadhi waliona ni heshima kwa marehemu. Yusta, ambaye hakuzoea kusema mkutanoni, akasimama.

"Chai waonyesheni. Jiko waonyesheni, na msitu pia. Danieli simwonyeshi."

Akakaa. Waliazimia njia ya wageni ihamishwe, ipite upande wa juu wa shamba, na nyumba yenye msiba irukwe zamu mpaka arobaini ipite. Jumamosi wakatoka na majembe kuchimba njia mpya. Regina ndiye aliyetangulia.

Arobaini ikapita. Yusta alirudi kwenye zamu yake, na siku nyingine huwafundisha wanawake wapya kusokota majani. Machozi hayakuja, akaacha kuyasubiri. Mistari mitatu ya chai inayopakana na kaburi hamwachii mtu. Huichuma mwenyewe kabla umande haujakauka, taratibu, na kikapu kikijaa hukipandisha nyumbani.