Baba wa Watoto Wanne

Wakili huyu wa rufaa hulamba kidole kila anapofunua karatasi, utadhani anaonja mchuzi. Ombi lake la kupunguziwa adhabu ni lile lile miaka yote; hubadilisha jina la mfungwa tu, kisha huvuta sauti ya kilioni: “Mheshimiwa, mteja wangu ni baba wa watoto wanne, anajuta.” Mimi karani wa mahakama ombi hilo naliota hata usingizini. Jana alimtetea bibi kizee aliyefungwa miaka kumi na mitano kwa kusambaza dawa za kulevya. Akalamba kidole, akausoma ubaba wote, akaketi kifua mbele. Jaji akamgeukia bibi kizimbani.

“Mama, una la kuongeza?”

“Mpunguzie huyo baba wa watu, Mheshimiwa. Ila mimi nitasemewa na nani?”